Kompyuta ya kutunzia muziki wa marehemu baba: ninunue ipi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Niko Tanga. Baba alifariki mwaka jana, akaniachia CD kama 400 na kanda za kaseti 150 hivi: taarabu ya Tanga na Unguja, dansi la zamani, rumba, na kaswida alizorekodi mwenyewe kwenye maulidi. Nataka vyote viingie kwenye kompyuta moja ikae nyumbani, tusikilize sebuleni kwenye amplifaya yake, chumbani, na kwenye simu. Muuzaji mmoja ameniambia muziki mwingi namna hiyo unahitaji prosesa ya i7, RAM ya GB 16 na kadi ya picha, nitoe 1,600,000. Mpwa wangu anasema ninunue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Rafiki yangu mpenda vyombo anasema kompyuta ya kawaida inaharibu sauti, lazima iwe maalumu ya muziki. Kazini wamenipa kompyuta kubwa ya mezani ya zamani, nayo iko tu chini ya meza. Nina 900,000. Umeme kwetu hukatika, na nyumba iko karibu na bahari. Nifuate la nani?"

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba wa mzee. Mungu amrehemu.

Washauri wako watatu wanabishania jambo moja tu: mashine iwe na nguvu kiasi gani. Hilo nitalijibu, na jibu lake ni jepesi kuliko unavyodhani. Lakini ndani ya barua yako kuna swali jingine ambalo hakuna aliyekuuliza, nalo ndilo zito: siku diski ikifa, kaswida za baba zitakuwa wapi? CD ya dansi iliyouzwa madukani unaweza kuitafuta tena kwa mtu mwingine. Kanda aliyorekodi mzee kwenye maulidi ya mtaani kwenu iko moja duniani. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kompyuta ni sehemu rahisi ya kazi hii, na fedha yako nyingi isiende huko.

Tuanze na muuzaji. CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani kama kilobaiti 176. Ukiihifadhi nyimbo hiyo kwa mfumo wa FLAC, ambao hubana faili bila kutupa hata chembe ya sauti, inabaki kama nusu yake au zaidi kidogo. Tuseme kilobaiti 100 kwa sekunde. Sasa, diski ya kawaida ya kuzunguka, hata ile iliyochoka kidogo, husoma megabaiti 100 kwa sekunde. Umeona? Kazi unayoipa ni sehemu moja ya elfu ya uwezo wake. Kuufungua huo mbano wa FLAC nako ni kazi ndogo mno. Prosesa ya miaka kumi iliyopita huifanya huku ikisinzia. Kununua i7 kwa kazi hii ni sawa na kukodi Fuso kubeba kilo moja ya sukari.

Wala wingi wa nyimbo haubadilishi hesabu hiyo. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani nyimbo elfu sita zinailemea kompyuta kama magunia. Nyimbo zilizolala kwenye diski hazitumii prosesa wala RAM. Inayofanya kazi ni ile moja inayopigwa, au tatu kama sebuleni, chumbani na jikoni kila mmoja anasikiliza lake. Kompyuta hutoka jasho mara chache tu: siku ya kwanza inapopitia mafaili yote na kutengeneza orodha, na pale inapolazimika kupunguza ukubwa wa nyimbo ili ipite kwenye bando la simu ukiwa safarini. RAM ya GB 4 inatosha, GB 8 ni raha. Kadi ya picha haina kazi yoyote hapa, itakula umeme na kupuliza joto. Zipo programu chache za kulipia, kama Roon, na zipo kazi za kurekebisha sauti ya chumba kwa hesabu kubwa, ambazo kweli hutaka prosesa ya maana. Kwa ulichonieleza, huko hufiki.

Rafiki yako wa vyombo nampa haki nusu. Anapokosea ni pale anapodhani sauti inachakaa njiani kama inavyochakaa kwenye kanda ikinakiliwa kutoka kanda nyingine. Kinachotoka kwenye seva, yaani hiyo kompyuta inayotunza na kugawa muziki, ni namba, si sauti. Mtandao wa nyumbani hukagua kila furushi la namba, na likifika limeharibika huliomba upya. Namba hizo hupumzika kwanza kwenye kumbukumbu ya kifaa kinachopiga, kisha kile ambacho watu wa vyombo hukiita DAC ndicho huzigeuza kuwa mawimbi ya umeme, kwa saa yake yenyewe ya ndani. Sauti inazaliwa hapo. Kabla ya hapo hakuna sauti ya kuharibu, na faili lile lile likitoka kwenye kompyuta ya bei mbaya au ya mtumba linafika lile lile.

Anaposema kweli ni pale kompyuta inapounganishwa moja kwa moja na amplifaya kwa kile kitundu chake cha hedifoni. Mle ndani mna makelele ya umeme ya kila aina, na mara nyingi utasikia msonyo au mlio unaobadilika ukisogeza mausi. Tena feni ikivuma sebuleni wakati udi unapigwa taratibu, raha yote imekwisha. Dawa yake haihitaji mashine maalumu. Weka seva mbali na unaposikilizia, karibu na ruta, na kwenye amplifaya ya mzee weka DAC ndogo ya USB inayolishwa na kichezaji kidogo, yaani kifaa kinachopokea nyimbo kutoka kwenye seva. Ukibakiwa na fedha ya kuboresha sauti, ipeleke kwenye spika. Huko ndiko sikio linakosikia tofauti.

Hiyo kompyuta kubwa uliyopewa kazini usiidharau. Ubaya wake ni umeme. Kompyuta za aina hiyo nyingi hula kama wati 60 zikiwa zimewashwa tu, bila kufanya la maana. Ikiwaka usiku na mchana mwaka mzima ni uniti 525 na ushee. Mimi hupiga hesabu kwa shilingi 350 kwa uniti. Wewe angalia risiti yako ya luku. Kwa bei hiyo ni kama 184,000 kwa mwaka. Kompyuta ndogo inayokula wati 10 ni uniti 88, kama 31,000. Tofauti hiyo peke yake kwa miaka mitatu inanunua kompyuta ndogo. Lakini tazama upande wa pili: ukiiwasha ile kubwa kwa saa nne tu kwa siku, inakula sawasawa na ile ndogo iliyowaka saa 24. Kwa hiyo ukipenda kuanza leo bila kutoa senti, unaweza, mradi ukubali kuiwasha na kuizima kama redio. Na ina jambo moja ambalo ndogo hazina: kwa kawaida kubwa kama hiyo ina tundu la kuingizia CD. Kazi ya kunakili CD 400 ipe hiyo.

Kuiacha iwake daima karibu na bahari ndiko sikushauri. Feni zake huvuta hewa ya chumvi na unyevu siku nzima, vumbi linashika, bodi inaanza kuota kutu ya kijani. Mashine isiyo na joto jingi huvuta hewa kidogo, na huishi zaidi pwani.

Mpwa wako naye ana akili. Raspberry Pi 4 hula wati tano hivi, haina kelele, na kwa nguvu inatosha kabisa kuwa seva ya muziki. Mashaka yangu ni matatu. Kwa kawaida huwaka kwa memori kadi, na memori kadi haipendi umeme unaokatika katikati ya kuandika. Nimefufua nyingi zilizokufa hivyo. Pili, diski ya kuzunguka ya USB huinyonya umeme: milango yote ya USB ya Pi 4 kwa pamoja hutoa ampia 1.2 tu, na adapta hafifu ya simu ikiongezwa hapo, diski huzimika katikati ya wimbo. Tatu, ukishajumlisha adapta sahihi, kasha, kadi nzuri na diski, ule urahisi unaosifiwa unapungua sana. Ila mwambie mpwa asinune, kwa sababu Pi ina mahali pake pazuri nyumbani kwako: iwe kichezaji cha sebuleni au chumbani. Huko haihifadhi kitu chochote cha thamani. Kadi ikifa unaandika nyingine kwa dakika kumi, na nyimbo za mzee hazijaguswa.

Laptop ya zamani iliyovunjika kioo pia ni seva nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ina betri yake ndani, umeme ukikatika haina habari. Tatizo ni betri hiyo kukaa kwenye chaji miezi na miezi katika joto la Tanga. Huvimba. Nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 60 au 80. Kama ya kwako haina, na hakuna mtu atakayekuwa akiitazama mara kwa mara, iache. Betri iliyovimba ndani ya nyumba wanamolala watoto si jambo la kubahatisha.

Ninachokushauri ununue ni zile kompyuta ndogo za ofisi, za ukubwa wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, zinazoletwa za mtumba kutoka Ulaya na Dubai: Lenovo ThinkCentre M710q, Dell OptiPlex 3050 Micro, HP EliteDesk 800 G3 Mini na ndugu zao. Zina prosesa ya Intel kizazi cha sita au cha saba, na nyingi namba ya prosesa huishia na herufi T. Herufi hiyo itafute, maana yake ni prosesa iliyowekewa kikomo cha wati 35. Zikitulia hula kama wati 10 tu. Ndani kuna nafasi ya SSD ndogo, diski isiyozunguka, ya kubebea mfumo na nafasi ya diski ya inchi 2.5 ya muziki. Zipo pia mpya zenye prosesa ya Intel N100, ya mwaka 2023, zinazokula umeme kidogo vile vile. Ukiipata kwa bei ya kukuridhisha ni nzuri, ila majina mengine ya zile mpya hayajulikani na adapta zake ni za mashaka. Mimi binafsi kwa fedha ile ile ningechukua ya ofisi, imeshajaribiwa miaka mitano na mtu mwingine.

Dukani usilipe kabla hujaiwasha mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya msingi inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, mbele ya muuzaji. Ikidai neno la siri na yeye halijui, irudishe, maana nyingi hutoka maofisini zikiwa zimefungwa na kuzifungua ni kazi. Ukiwa humo humo tafuta ule mpangilio unaoiamuru kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi, uuwashe. Kwa nyumba ya umeme wa kukatika, huo mpangilio mmoja una faida kuliko RAM ya GB 16. Hakikisha adapta ni yake: Dell hukagua adapta, na isipoitambua huipunguza kasi prosesa. Kisha omba afungue programu ya CrystalDiskInfo uone diski imefanya kazi saa ngapi na kama ina sekta zilizokufa. Hata ikionekana nzima, diski ya mtumba itumie kwa mfumo tu. Muziki wa mzee weka kwenye diski mpya.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. CD moja kwa FLAC huchukua kama megabaiti 300, hivyo 400 ni gigabaiti 120. Kanda 150 za dakika 60, ukizirekodi kwa biti 24, ongeza gigabaiti 100 au zaidi kidogo. Jumla haifiki 250. Diski ya terabaiti 1 inakutosha na ya kupumulia. Usimsikilize atakayekuuzia terabaiti 8. Nunua mbili za terabaiti 1, na ukiweza tatu.

Na tafadhali, ya pili isikae imechomekwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na diski mbili ndani ya kompyuta moja, moja ikinakili nyingine kila usiku, nikalala usingizi mnono. Umeme ulikatika jioni moja ya masika, uliporudi ulirudi na kishindo, na zote mbili zikafa sekunde moja. Mle ndani mlikuwa na sauti ya shangazi yangu akiimba nyimbo za unyago, na sikuipata tena hadi leo. Tangu hapo nashikilia utaratibu huu: nakala moja kwenye seva, nakala ya pili kwenye diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, ikimaliza inatolewa na kurudi kabatini, na nakala ya tatu inalala nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu. Kule kabatini iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kuna mfumo unaoitwa RAID, ambao aina yake moja huandika kitu kile kile kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Wauzaji huusifu kama ulinzi. Unakulinda diski moja ikichoka. Haukulindi na radi, mwizi, wala mtoto aliyefuta folda kwa bahati mbaya.

UPS, lile boksi la betri ya akiba, nunua ndogo tu, ile ya VA 650. Si ya kukufanya usikilize muziki gizani, kwani amplifaya itakuwa imezimika. Ni ya kuipa seva muda wa kujizima kwa adabu, na kuikinga na ule umeme wa kurudi. Kwa mzigo wa kompyuta ndogo na ruta peke yake, ikiwa betri yake bado nzima, itakupa zaidi ya nusu saa, na mikatiko mingi mifupi itapita bila wewe kujua. Amplifaya usiichomeke humo.

Kwenye programu sitakuchosha. Windows 10 iliachwa na wenyewe Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za kizazi cha sita na cha saba, kwa hiyo weka mfumo wa Linux; toleo lake la Debian ni tulivu na ni bure. Juu yake weka Lyrion Music Server, ile iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Logitech Media Server, ukitaka sebule na chumba vipige wimbo mmoja kwa pamoja. Ikiwa simu ndiyo mtakayoitumia zaidi, Navidrome ni nyepesi mno na inaelewana na programu nyingi za simu. Zote mbili ni bure na zinaweza kukaa kwenye mashine moja. Ukitaka kusikiliza ukiwa nje ya nyumba, usifungue mlango kwenye ruta ovyo. Hilo lifanye baadaye, na mtu anayelijua.

Seva na ruta viunganishe kwa waya. Wi-Fi iachie simu na vichezaji. Nyumba za matofali ya saruji huimeza mawimbi, hasa ya gigahezi 5, na muziki unaokatika katika mara nyingi kosa lake ni ukuta, watu wakailaumu kompyuta bure.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye CD, kwanza zitenganishe. Kati ya hizo 400, naamini nyingi ni zile za sokoni zenye nyimbo mia na zaidi kwenye diski moja. Hizo ni MP3, unazinakili mafaili kama yalivyo. Usizigeuze kuwa FLAC. Kilichokwisha kutupwa hakirudi, utajaza diski kwa hewa. CD za kweli zinakili kwa Exact Audio Copy kwenye ile kompyuta kubwa. Programu hiyo hulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani, ila CD nyingi za kwetu hazimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo tumia ile njia yake ya kusoma mara mbili na kulinganisha yenyewe. Namba zikilingana, umepata. Zile alizochoma mtu nyumbani, zenye mgongo wa kijani au buluu, zianze hizo. Rangi yake hufifia kwa joto na mwanga.

Lakini kabla ya CD yoyote, anza na kanda, na kabla ya kanda za dukani, anza na zile alizorekodi baba. Kanda husomwa kwa muda wake: dakika 60 ni dakika 60, hakuna njia ya mkato. Kanda 150 ni kama saa 150, mbili kila jioni zitakuchukua miezi miwili na nusu. Kabla ya kuweka yoyote kwenye deki, vunja vile vibao viwili vidogo vya mgongoni ili isifutwe kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti safi isiyo na mafuta. Toa sauti kwenye tundu la deki la kupeleka kwenye amplifaya, si la hedifoni, iingie kwenye kifaa cha USB chenye tundu la laini, si la maikrofoni. Rekodi kwa programu ya Audacity, biti 24, mara 48,000 kwa sekunde, na uache nafasi juu ili mlio mkubwa usipasuke. Usisafishe mvumo wa kanda wakati wa kurekodi. Hifadhi kanda ilivyo, na yote iliyo nayo, hata kukohoa na salamu za mwanzo. Ukitaka iliyosafishwa, tengeneza nakala nyingine pembeni.

Na uandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Programu ya MusicBrainz Picard, inayojaza majina ya nyimbo na wasanii, itakusaidia kwa rumba na baadhi ya dansi, lakini taarabu ya Tanga itakutegemea wewe. Amua mapema jinsi ya kuandika majina, kwa sababu bendi zetu zilibadilika majina: NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Ukiandika kila kanda ilivyoandikwa, orodha itakuonyesha bendi nne. Mimi huweka jina la wakati wa kurekodiwa mahali pa msanii, na jina linalojulikana leo mahali pa msanii wa albamu, hapo zinakaa pamoja bila kupotosha historia. Kwa kaswida, mtafute mzee aliyekuwapo kwenye yale maulidi akusikilizie na kukutajia nani anasoma na ilikuwa kwa nani. Hilo lifanye mapema. Kanda inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi kabatini. Mwenye kukumbuka pengine hawezi.

Fedha yako 900,000, bei hupanda na kushuka, kwa hiyo nakupa mpangilio badala ya orodha ya bei. Kwanza diski mbili mpya na kifaa cha USB cha kuingizia sauti ya kanda. Pili kompyuta ndogo. Tatu UPS. Raspberry Pi na DAC ya sebuleni vije mwisho, hata mwezi ujao. Zikipungua, kompyuta ndogo ndiyo isubiri, ile ya kazini ishike nafasi kwa muda. Diski zisisubiri.

Yapo mambo ya kutofanya peke yako. Kanda yenye unga mweupe wa ukungu usiiweke kwenye deki hata kidogo. Itachafua kichwa na kuambukiza nyingine. Hiyo, na iliyokatika, na ile ambayo kisponji chake cha ndani kimedondoka, mpelekee fundi redio wa siku nyingi anayejua kuihamishia kwenye kasha jingine, ukae naye akiifanya. Diski inayogonga tik, tik, tik izime papo hapo, usijaribu "mara moja zaidi", mpe mtu wa kuokoa data kabla haijajikwangua. Na ukisikia mvumo mzito usiokwisha kwenye spika baada ya kuunganisha vyombo, au ukigusa bodi ya chuma ya amplifaya ukahisi inakutekenya, simama. Wapo watakaokuambia ukate ile pini ya tatu ya plagi, ya kwenda ardhini, na mvumo utanyamaza kweli. Usikate. Pini hiyo ndiyo inayokukinga wewe na watoto siku waya wa ndani ukigusa chuma. Muite fundi umeme mwenye leseni apime kama nyumba ina ardhi ya kweli. Nyumba za karibu na bahari, ule msumari wa ardhini huliwa na kutu bila mtu kujua. Hilo lipimwe kabla hujachomeka kitu chochote nilichokutajia hapo juu.